Mgeni njoo, mwenyeji apone: jibu kwa kijana wa boma lisiloezekwa

Swali limetoka kwa kijana wa wilaya moja ya mkoa huu wa Dodoma. Nalitoa kwa ufupi:

"Shikamoo mzee. Kijijini kwetu tulijenga boma la zahanati kwa nguvu za wananchi. Likafika lenta, na huu ni mwaka wa tano halijaezekwa. Diwani anasema mkurugenzi hatoi fedha. Mkurugenzi anasema baraza halijalipa kipaumbele. Mbunge anasema hilo ni la halmashauri. Sasa kuna mzaliwa wa hapa mwenye malori Dar es Salaam, hajawahi kushika hata uenyekiti wa kitongoji. Ametangaza kwamba uchaguzi ukifika atagombea udiwani na atawanyoosha wote. Sisi vijana tumemwelewa, wazee wanasema tutajuta. Kwenye simu tunaona mataifa mengine yakichagua watu wasio wanasiasa ili wavunje mkwamo. Je, ni kweli mtu wa nje anaweza?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu maboma hayo nayajua. Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri, huku Dodoma na kule Singida, na mara nyingi nilitumwa kufuatana na kamati kukagua miradi. Nimewahi kuingia ndani ya boma kama lenu, kijiji cha mbali, jua la saa nane. Nondo za lenta zilikuwa zimeota kutu, tofali za juu zimeanza kumomonyoka kwa mvua, na kwenye chumba kilichokusudiwa kina mama wajifungulie walikuwa wamelala mbuzi kumi na kitu wakikimbia jua. Mama mmoja aliyekuwa amefuatana nasi alinionyesha ukuta wa kaskazini akaniambia tofali zile alizibeba yeye akiwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wa mimba ile alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika kidole chake, yuko darasa la pili. Basi usidhani nakujibu kwa ubaridi wa mtu wa makaratasi.

Jibu langu ni hili: mtu wa nje anaweza, lakini si kwa ile sababu mnayompendea. Ugeni wake peke yake haufungui kitu.

Tuanze na mkwamo wenyewe. Kila muhtasari wa kikao una sehemu inaitwa yatokanayo. Hapo huandikwa mambo ya kikao kilichopita, na mbele yake hatua iliyofikiwa. Mimi niliandika "utekelezaji unaendelea" mbele ya mradi mmoja kwa robo mwaka kumi na moja mfululizo. Hapakuwa na diwani aliyesimama kusema mradi ule usijengwe. Wote waliupenda. Ila kila mmoja aliyepaswa kusema "ndiyo" alikuwa na haki ya kusema "bado", na "bado" haimgharimu mtu chochote. Kwenye halmashauri zetu wenye "bado" ni wengi. Madiwani wamechaguliwa na kata zao na kila mmoja ana boma lake. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais, ndiye katibu wa baraza na ndiye anayebeba lawama hoja za ukaguzi zikija, kwa hiyo hatasaini fedha ambazo hazina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti. Mhandisi ana ramani zake. Mganga mkuu wa wilaya anauliza watumishi watatoka wapi. Mkuu wa wilaya yupo, mkoa upo, TAMISEMI inayosimamia halmashauri zote ipo. Watu hawa wote wakishika kamba moja, kila mmoja akivuta kidogo tu kuelekea kwake, fundo linakaza bila yeyote kukusudia ubaya.

Na hapa niseme neno kuhusu mbunge wenu. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Anakaa humo na anapiga kura humo. Akikwambia "hilo ni la halmashauri", mwulize kwa heshima zote: mheshimiwa, na wewe si ni halmashauri?

Sasa huyo mwenye malori. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ndani ya msemo huo mna ukweli mkubwa. Mgeni hana deni. Hajakopeshwa kura na fulani, hajaahidi zabuni kwa shemeji wa fulani, hajakaa kikao cha usiku ambacho leo anaogopa kitajwe. Mtu wa namna hiyo anaweza kuuliza swali ambalo wenyeji wote wanalijua na hakuna anayethubutu kulitamka. Hilo ni jambo kubwa, silidharau, na nimeliona likitikisa ukumbi. Lakini deni ni upande mmoja wa daftari. Upande wa pili ni mtaji. Ndani ya chumba chenye madiwani thelathini, mtu asiye na deni na asiye na rafiki ni kura moja.

Umetaja mataifa mengine. Nikupe mawili, yanatosha, kwa sababu ukiyaweka bega kwa bega yanaonyesha kitu.

Peru, Julai 2021, aliapishwa Pedro Castillo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka mkoa wa Cajamarca. Hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Watu wa vijijini walimpa kura kwa matumaini yaleyale mliyonayo nyinyi. Chama kilichomsimamisha kilikuwa na viti 37 kati ya 130 vya bunge. Katika muda usiofika miezi kumi na saba alibadilisha mawaziri wakuu hadi watano, na bunge lilikuwa likimwandama kila alipogeuka. Tarehe 7 Desemba 2022, siku ambayo wabunge walikuwa wajadili hoja ya kumwondoa kwa mara ya tatu, alitokea kwenye televisheni akatangaza kulivunja bunge bila kuwa na mamlaka hayo kwa hali ile. Siku hiyohiyo akaondolewa kwa kura 101, na kabla jua halijazama alikuwa mikononi mwa polisi. Nchi hiyohiyo ilikuwa imeshapita njia hiyo mwaka 1990 kwa Alberto Fujimori, mhadhiri wa chuo cha kilimo ambaye naye alikosa wabunge wa kutosha. Yeye alilifunga bunge kwa msaada wa jeshi, Aprili 5, 1992, na akafanikiwa. Mkwamo ukaisha. Mwaka 2009 mahakama ya nchi yake ikamhukumu miaka 25 kwa mauaji na utekaji uliofanyika chini ya utawala wake. Mgeni asiye na watu chumbani huwa anafika kwenye njia panda ya namna hiyo: ama akwame na yeye, ama avunje mlango, na mlango ukishavunjwa hata mwizi anapita.

Senegal, Machi 2024, Bassirou Diomaye Faye, mkaguzi wa kodi, alitoka gerezani siku kumi tu kabla ya kupiga kura akashinda urais katika duru ya kwanza. Ukimtazama juu juu ni mgeni zaidi ya Castillo. Bunge alilolikuta lilikuwa la wapinzani wake, na likamkatalia. Angeweza kufoka. Alisubiri. Katiba ya kwao hairuhusu rais kulivunja bunge kabla halijamaliza miaka miwili tangu kuanza kazi. Miaka miwili ilitimia Septemba 12, 2024, na siku hiyohiyo akalivunja. Novemba chama chake, Pastef, kikapata viti 130 kati ya 165. Bado ana mzigo mzito wa madeni aliyoyakuta, sisemi Senegal imekuwa pepo. Ninachosema ni kwamba alikuwa mgeni wa Ikulu, si mgeni wa siasa: nyuma yake palikuwa na chama kilichojengwa miaka kumi, matawi kwa matawi, na alijua tarehe.

Hata Marekani, ambako mwaka 2016 walimchagua Donald Trump asiye na historia ya cheo cha serikali wala jeshi, chama chake mwenyewe kilikuwa na wingi kwenye mabunge yote mawili, na bado Julai 2017 muswada wa kuifuta sheria ya bima ya afya ulianguka kwa kura 49 dhidi ya 51 kwa sababu maseneta watatu wa chama chake waliukataa. Ukubwa wa kelele za kampeni haukubadilisha hesabu ya chumbani.

Ila hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapahapa Dodoma tuliwahi kuijaribu dawa ya wageni, mbele ya macho yetu. Mwaka 2014 lilipokaa Bunge Maalum la Katiba, mbali na wabunge na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Rais Kikwete aliteua wajumbe 201 kutoka makundi mbalimbali: dini, wakulima, wafugaji, wavuvi, vyuo, watu wenye ulemavu, vyama. Nia ilikuwa njema, kwamba sauti za wasio wabunge zitalainisha. Nakumbuka Februari ile, nyumba za wageni zimejaa hadi Area D watu wanapangisha vyumba vyao, na mjini kila mtu anazungumza katiba, hadi kwa wauza zabibu. Kisha wiki zikaisha kwenye kanuni: kura iwe ya siri au ya wazi? Wale 201, wengi wao watu wazuri niliowaheshimu, haikuchukua muda kila mmoja akawa anahesabiwa yuko upande gani, Muungano wa serikali mbili au wa serikali tatu. Aprili 16 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa mpaka leo. Sheria ilitaka theluthi mbili ya Bara na theluthi mbili ya Zanzibar. Kizingiti cha namna hiyo ukikiweka mlangoni, hata ukileta malaika 201, lazima kwanza pande mbili zikubaliane nje ya ukumbi. Hazikuwa zimekubaliana. Mimi hilo linaniuma hadi leo.

Upande wa pili wa shilingi nao uko hapahapa. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka kumi. Ikaundwa mamlaka ya ustawishaji, CDA, viwanja vikapimwa. Miaka arobaini ikapita. Hapa napo hapakuwa na waziri aliyesimama kusema hatuhamii. Kila bajeti walikuja, wakalala wiki kadhaa, wakarudi Dar es Salaam kwenye nyumba zao, shule za watoto wao na ofisi zao. Ni yatokanayo ya taifa zima: utekelezaji unaendelea. Halafu Julai 23, 2016, John Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia, na Septemba waziri mkuu akawa amehamia. Watu wengi wanamtaja kama mfano wa mtu wa nje aliyekata fundo. Mimi nakataa. Alikuwa mbunge tangu 1995 na amekaa wizarani karibu muda wote huo, anajua faili liko kabati gani. Aliyokuwa mgeni nayo ni makundi ya ndani ya chama, yale yaliyovutana hapahapa Dodoma Julai 2015 kumtafuta mgombea urais hadi jina lake likabaki. Na itazame tarehe: Julai 23, 2016 ndiyo siku aliyochaguliwa mwenyekiti wa CCM. Hakutangaza akiwa na kiti kimoja. Alisubiri hadi viwe viwili. Tena alikuta ukumbi wa Bunge umeshajengwa, chuo kikuu kimeshafunguliwa 2007, barabara za lami zipo. Waliomtangulia walikuwa wamebeba tofali, yeye akaezeka.

Na nisipokwambia gharama yake nitakuwa nimekudanganya. Mkono uleule uliokata fundo la makao makuu ulizuia mikutano ya hadhara ya vyama kuanzia 2016, na katazo hilo likadumu hadi Januari 2023. Matangazo ya moja kwa moja ya Bunge nayo yalikatwa mwaka huohuo wa 2016. Mimi niliyeandika mihtasari maisha yangu yote nasema: kikao ambacho watu hawakioni, na mtu hawezi kukijadili uwanjani, huwa kinapitisha mambo haraka sana, na makosa yake yanajulikana yakiwa yameshalipiwa. Wilaya ikipata kiongozi wa "nitawanyoosha", miezi ya kwanza ni tamu. Watumishi wanawahi kazini, mafaili yanatembea. Baadaye mhandisi anaacha kusema "hapa ramani imekosewa", kwa sababu anaogopa kunyooshwa. Kosa linajengwa kwa saruji.

Kuna jambo jingine ambalo pengine huyo ndugu yenu hajalitafakari. Sheria za Tanzania haziruhusu mgombea binafsi, si kwa urais, si ubunge, wala udiwani. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo maisha yake yote, na alianzia hapa: kesi yake ya mwaka 1993 ilifunguliwa Mahakama Kuu Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa haki. Katiba ikabadilishwa ili kufunga mlango huo. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikasema katazo hilo linavunja haki. Mtikila alifariki 2015 na mlango bado umefungwa. Maana yake kwako ni nyepesi: mwenye malori atapita kwenye chama. Atakwenda kwa wajumbe wa chama kuomba kura za maoni. Siku jina lake likirudi, hatakuwa tena mtu asiye na deni. Basi msimuulize kama ni msafi. Muulizeni, ukishapita kwa wajumbe utakuwa unadaiwa nini na nani? Mtazameni usoni anapojibu.

Nikusimulie mgeni mmoja niliyemwona akifaulu, kwenye halmashauri ambayo sitaitaja. Alikuwa nesi mstaafu, alichaguliwa diwani kwa sababu watu walichoka. Kikao cha kwanza alisimama akazungumza dakika ishirini kuhusu wezi na wazembe. Ukumbi ulinyamaza. Baada ya hapo, mwaka mzima, kila alipoinua hoja hakupata wa kumuunga mkono. Niliandika jina lake na chini yake "hoja haikuungwa mkono" mara nne. Nilimhurumia, maana alikuwa anasema kweli.

Mwaka wa pili akaja ofisini kwangu asubuhi, ameshika daftari la shule la kurasa mia moja, akaomba mihtasari ya miaka mitatu iliyopita. Alikaa kwenye benchi pale nje siku tatu, anasoma, ananakili kwa kalamu ya bluu. Siku ya tatu akaniita. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari ambao mimi mwenyewe niliuandika na kuusahau: mhandisi alikuwa ameripoti kwenye kamati kwamba boma la kata yake halikufuata ramani ya wizara, chumba cha kujifungulia ni kidogo, kwa hiyo halmashauri haiwezi kuliezeka hadi ukuta mmoja usogezwe. Taarifa ile ilisomwa, ikapokelewa, kikao kikaendelea. Hakuna aliyekwenda kuwaambia wanakijiji. Miaka mitatu watu wamelaumiana kwa ukuta mmoja.

Alirudi kijijini, akaitisha mkutano, wakauvunja ukuta na kuujenga upya ndani ya wiki mbili. Kisha akawapigia simu madiwani wawili waliokuwa na maboma yenye tatizo hilohilo, akawasomea mistari yao kutoka kwenye lile daftari. Kikao kilichofuata hoja iliungwa mkono na watatu, halafu na saba, maana wenye maboma mabovu walikuwa wengi kuliko walivyojua. Mkurugenzi hakupigana, alikuwa amepata kitu cha kusaini bila kuogopa mkaguzi. Mwaka wa fedha uliofuata mabati yalipanda.

Yule mama hakubadilika kuwa mwanasiasa. Aliendelea kuwa mkali, na wapo waliomchukia hadi mwisho. Alichofanya ni kile wazee wanachokisema baada ya mgeni njoo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alichukua jembe.

Kwa hiyo wazee wenu wana hoja na nyinyi mna hoja. Mkimpata mtu asiye na deni, ambaye anakubali kusoma makaratasi yaliyomtangulia na kutafuta wenzake saba ndani ya ukumbi, mchagueni, hata kama hajawahi kushika uenyekiti wa kitongoji. Akiwaambia atamfukuza mkurugenzi, mjue hajui hata analogombea, maana diwani hana mamlaka ya kumfukuza mkurugenzi. Akiwaambia atatoa mabati kwa fedha zake za malori, nalo nakuomba mlipime sana. Zahanati yenye bati la mtu bila kuingia kwenye mpango wa halmashauri itakosa mganga na dawa, na mtabaki na boma lililoezekwa.

Lakini uchaguzi una siku yake, na lile boma lina mvua za Novemba mbele yake. Usisubiri mgeni kwa hili. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mtendaji wa kata, uulize mambo mawili tu: boma letu limo kwenye mpango wa mwaka huu wa fedha au halimo, na mhandisi alipolikagua mara ya mwisho aliandika nini. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na hapo ni haki yako kuuliza kwa sauti, mbele ya watu, na kutaka jibu liingie kwenye muhtasari. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa wananchi. Nendeni watano, mkae nyuma, mshike daftari. Bajeti ya halmashauri hupikwa miezi ya mwanzo wa mwaka kabla haijaja Bungeni, kwa hiyo ukienda Mei umechelewa.

Ukiipata ile karatasi ya mhandisi, niandikie imesema nini, neno kwa neno. Nitaisoma.